Ondoa Klorini Kabla Maji Hayajafika Baharini

Klorini huokoa maisha: ikitiwa kwenye maji ya bomba, huua vimelea vya kipindupindu. Lakini ikifika ufukweni ingali na nguvu, huziunguza pia nyasi za bahari na mwani.

Inavyodhuru

Klorini hutoboa utando wa seli na kuharibu klorofili, rangi ya kijani inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Jani hupauka, hulegea, kisha hukatika. Klorini ikikutana na amonia ya maji taka huzaa kloramini, zinazodumu zaidi majini.

Mwongozo wa Marekani wa kulinda viumbe wa baharini umeweka kikomo cha muda mfupi cha mikrogramu 13 za klorini kwa lita. Bwawa la kuogelea kwa kawaida huwa na 1,000 hadi 3,000. Nyasi zikifa, tafi, kasa na nguva hukosa malisho, na mchanga wa pwani hukosa mizizi ya kuushika.

Kwa wenye mabwawa ya kuogelea

1. Acha kutia dawa siku kadhaa kabla ya kumwaga maji. Bwawa lipigwe na jua, pampu ikizunguka. Vidonge vya klorini vyenye kinga dhidi ya jua huchukua muda mrefu zaidi kuisha nguvu.
2. Pima. Vikaratasi vya kupimia havioni kiasi kidogo sana, hivyo vikionyesha sifuri, subiri tena.
3. Ukiwa na haraka, tumia sodiamu thaiosalfeti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.
4. Mwaga polepole kwenye ardhi iliyo mbali na ufuko. Usimwage kamwe maji yakiwa yamekupwa, maana nyasi hubaki kwenye vidimbwi vifupi na sumu haina pa kuzimukia.

Kwa watumiaji wa nyumbani

Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ipimwe kadiri ya kazi, na mabaki yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea baharini. Usiichanganye na dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Kwa wakulima wa mwani

Mwani hupauka pia kwa joto na maradhi. Kagua kamba zote: ukipauka zaidi ule ulio kwenye kamba za karibu na bomba linalomwaga maji baharini, piga picha, andika tarehe na upeleke taarifa kwa afisa uvuvi au mazingira wa eneo lako mapema.

Bahari ni shamba la wengi. Anayetumia klorini ndiye mwenye wajibu wa kuimaliza nguvu kabla haijatoka uani kwake.