Mpe Kazi Umwone: Kumpima Meneja wa TEHAMA Kabla ya Kumwajiri

Mfanyabiashara wa jumla wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hanunui kitenge kwa kusoma nembo. Hukikunjua, hukivuta, hulowesha kidole akisugue aone kama rangi inatoka. Lakini akitafuta meneja wa TEHAMA wa maduka yake, mazoea hayo huyasahau: hutazama vyeti, huuliza miaka ya kazi, husikiliza Kiingereza cha mwombaji, kisha humkabidhi hesabu zote. Sisi tunasema apimwe kwa kazi atakayoifanya. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter wa Marekani walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu ajira. Kwa kipimo ambacho 1 ni kubashiri utendaji wa kazi bila kukosea, miaka ya uzoefu ilipata 0.18, na jaribio la kazi yenyewe 0.54. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizirudia hesabu hizo wakazishusha: jaribio la kazi likawa 0.33, uzoefu ukaanguka hadi 0.07. Usaili wa maswali yale yale kwa kila mwombaji ndio ulioongoza, kwa 0.42. Basi jaribio na usaili vitumike vyote viwili.

Kariakoo yenyewe imekwisha kutunga mtihani. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 jengo la Soko Kuu, lililochorwa na Beda Amuli, liliungua. Kumbukumbu zinazokaa kwenye kompyuta moja dukani huteketea pamoja na duka. Kwa hiyo mpe mwombaji kompyuta tupu na nakala ya akiba ya mauzo ya mfano, azirejeshe hesabu mbele yako huku saa ikihesabu. Kisha muulize jambo la pili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchini Tanzania. Ikitokea tena saa nne asubuhi, wateja wamejaa, utauzaje na risiti za mashine ya kodi (EFD) utazitoaje? Mjuzi hakurupuki, kwanza atakuuliza una laini za mitandao mingapi, mashine zipi, na umeme wa akiba unadumu kwa muda gani. Anayejibu papo hapo kwa maneno mazito, mwekee alama ya kuuliza.

Utasema wewe hujui kompyuta, utamhukumuje? Mauzo ya mfano ama yamerudi ama hayakurudi. Hilo halihitaji shahada. Wengine husema meneja husimamia mafundi, hashiki bisibisi. Ni kweli kwa sehemu, ndiyo maana mwonyeshe pia profoma ya fundi akuambie kipi kimezidishwa bei na kipi hakihitajiki. Asiyeijua kazi hataweza. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba waajiri hugeuza majaribio kuwa kazi ya bure. Saa mbili zinatosha, mrudishie nauli yake, na usimpe tatizo halisi la dukani. Tena usimpe orodha ya wateja wako: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda majina na namba zao za simu.

Vyeti navyo vikaguliwe, ila baada ya jaribio. Na siku utakapomkabidhi nywila kuu, hakikisha nakala yake moja imebaki kwako wewe mwenye duka, ndani ya bahasha iliyofungwa, nje ya jengo la duka.