Springi Haijui Kwamba Wewe ni Mtoto wa Mtu

Mdogo wangu, keti kwanza. Najua gari linagonga mbele kila likivuka tuta, na najua umeshaamua kwamba Jumapili hii, ukitoka kanisani, shoki zitatolewa pale pale uani. Swali lako, "Dada, ninunue kibanio kipi cha springi?", si geni kwangu, kutoka Kitale wanauliza, kutoka Bungoma wanauliza. Sikucheki. Fundi akitaja bei ya kazi na karo ya muhula nayo iko mlangoni, nani asiyeanza kuzitazama spana zake kwa tamaa? Ila nitakukaripia kidogo, kwa sababu umerukia swali la pili kabla ya la kwanza.

La kwanza ni hili: kibanio chenyewe unakihitaji? Hiace na pikapu nyingi, nyuma zimekalia vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hapo kibanio hakina kazi. Vitz nayo, springi ya nyuma imesimama kando, mbali na shoki. Unainua gari, unaliweka kwenye stendi (si kwenye jeki peke yake, tafadhali, wala kwenye matofali), unafungua shoki chini, unateremsha ekseli polepole, na springi inalegea yenyewe. Mambo ni mbele, ambako springi imezunguka shoki na kufungiwa juu kwa nati moja tu. Hiyo nati moja ndiyo inayonikosesha usingizi.

Maana springi moja ya mbele ya gari dogo hubeba karibu kilo 300. Wewe wa Trans Nzoia gunia la mahindi la kilo 90 unalijua vizuri. Hebu yapange matatu na ushee juu ya springi hiyo moja. Hata gari likiwa juu na gurudumu linaning'inia, springi bado imebanwa pale ndani inakungoja. Halafu wewe unataka kuibana zaidi, umeiinamia, na mtoto amesimama kando anakushikia tochi. Ikifyatuka haichagui: meno, taya, jicho, vidole. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu ndilo tungeliona la afadhali.

Sasa vibanio. Kile utakachokikuta madukani kwa bei ya chini ni fimbo mbili ndefu za skrubu, kila moja ina kulabu juu na chini. Hizo fimbo unaziweka pande mbili za springi, zitazamane sawasawa, kisha unakaza. Kinafanya kazi, sikatai, na wengi wamekitumia wakaenda kula chakula cha mchana salama. Lakini springi imepanda kwa mshazari, kwa hiyo kulabu hupenda kuteleza kufuata ule mteremko. Unakaza, unasikia "tik", kulabu imesogea upana wa kidole, nawe unajiambia si kitu. Mara fimbo mbili zilizokuwa zikitazamana zimeanza kukaribiana upande mmoja, springi inapinda, upande wa pili hauna anayeushika. Ukiona hivyo, acha. Legeza yote kidogo kidogo, uanze upya. Usiipige nyundo irudi mahali pake, nakuomba.

Ukiwa na uwezo kidogo zaidi, tafuta kile chenye taya mbili pana za chuma, umbo la nusu mwezi, zinazokumbatia mzingo wa springi, na skrubu moja nene ya kuzivuta. Hicho hakitelezi ovyo. Ni kizito, bei yake inauma, na lazima taya zilingane na upana wa springi yako. Pima kabla ya kutoka nyumbani, usimwachie muuzaji akukadirie kwa macho.

Chochote utakachoshika dukani, kigeuze. Kama ni cha fimbo, kulabu ziwe na pini za kufungia, springi isichomoke. Uzito kinaoweza kuhimili uwe umeandikwa. Skrubu iwe nene, nyuzi zake ziwe na kina, zisiwe zimelika. Na kulabu iwe chuma kimoja kilichofuliwa, si vipande vilivyounganishwa kwa weldi. Pitisha kidole chini ya rangi. Ukigusa mshono wenye uvimbe, kirudishe kwenye rafu. Mafundi wetu wa jua kali nawaheshimu, jiko langu wametengeneza wao, lakini kulabu ya nondo iliyochomelewa huficha ufa ambao hata aliyeichoma hauoni. Waya na minyororo hata sitaki kuzungumzia. Rahisi ghali, mdogo wangu, na hapa ghali yenyewe hailipwi kwa shilingi.

Ukishakipata, paka grisi kwenye nyuzi. Kaza kwa mkono: mizunguko michache huku, michache kule, usitumie mashine ya upepo. Uso na kifua viwe kando, visiwe kwenye ncha za springi. Na ile nati ya juu haiguswi mpaka springi icheze kwa mkono kwenye kikalio chake.

Ukiniuliza mimi ningefanyaje, ningefungua shoki na springi yake nzima nyumbani, niitie guniani, nipande nayo matatu hadi gereji yenye kibanio kikubwa cha kusimama. Wabadilishe wao, nirudi nayo, nifunge mwenyewe. Unalipia ile sehemu ya hatari peke yake. Au nunua zile za ex-Japan zinazouzwa zikiwa zimeshavaa springi, zote mbili za mbele, baada ya kukagua kama zinavuja mafuta na kama springi ina ufa. Kumbuka ni mitumba, huenda zisidumu. Vyovyote vile, ukimaliza peleka gari likafanyiwe alaimenti, la sivyo utakula tairi kabla ya Krismasi.

Na wewe dada wa Bungoma, uliyeniambia mzee ameshanunua cha bei ya chini na ukisema neno ananuna siku nzima: usimwambie amekosea. Wanaume wengi wako hivyo, hata kuuliza njia wanaona aibu. Mpelekee chai pale uani, umwombe akuonyeshe pini za kulabu ziko wapi. Zikiwepo, waondoe watoto wacheze kwa jirani. Zisipokuwepo, mwache amalize chai, kisha umwambie gunia liko tayari na gereji itafunguliwa Jumatatu.