Uvimbe Mgumu Kwenye Viungo vya Mtoto: Upimwe Kabla ya Kupasuliwa



Somo letu la leo linahusu jambo lisiloonekana kila siku, lakini likitokea kijijini huleta maneno mengi. Mtoto anatokwa na uvimbe karibu na nyonga, kiwiko au bega. Hauumi, anacheza, anaenda shule. Miezi inapita, uvimbe unakua pole pole mpaka unafika kiasi cha limau au chungwa, na ukiushika ni mgumu. Hapo kila mtu anageuka daktari. Mmoja anasema ni jipu lipasuliwe, mwingine anasema ni kansa, mwingine anamtazama jirani kwa jicho baya.

Basi tuelewe kwanza, halafu ndio tutende.

Uvimbe huu ni nini?

Mara nyingine ni chokaa ya mwili, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti. Madini haya kazi yake ni kujenga mifupa na meno. Yakizidi au yakipotea njia, hujikusanya katika nyama iliyo kando ya kiungo. Ugonjwa mmoja wa namna hii madaktari huuita kalsinosisi ya uvimbe. Jina hilo lilitolewa mwaka 1943 na Daktari Alberto Inclán wa Kuba na wenzake. Ni ugonjwa wa nadra, lakini umeonekana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika na Mashariki ya Kati, kwa hivyo hautuhusu kwa mbali tu.

Aina moja hurithiwa. Mifupa hutengeneza homoni inayoziambia figo zitoe fosfeti kwa mkojo. Homoni hiyo ikikosa nguvu, fosfeti hubaki katika damu. Baba na mama huwa wazima kabisa, lakini kila mmoja amebeba nusu ya kasoro hiyo. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ndiyo maana wakati mwingine ndugu wawili wa nyumba moja hupatwa. Siyo laana, na hakuna jirani aliyetupa kitu.

Kwa nini tusipasue?

Jipu huwa na joto, huuma sana na hukua kwa siku chache. Uvimbe wa chokaa hukua kwa miezi au miaka, na mara nyingi hauna joto. Ukikatwa kwa wembe, hautoki usaha wa kawaida bali kitu cheupe kama maziwa au chaki. Kidonda hicho ni kigumu kufunga, na uchafu ukiingia mtoto hupata maambukizi mabaya. Kuchua kwa nguvu na kuchoma kwa moto pia tuache.

Daktari anapimaje?

1. Huuliza: ulianza lini? Kuna ndugu mwenye uvimbe au meno yenye kasoro?

2. Eksirei. Chokaa huonekana nyeupe, kama mabonge yaliyokusanyika pamoja, na kwa kawaida kiungo chenyewe hakijaharibika. Mara nyingi picha hii ndiyo inayoonyesha njia.

3. Damu, kupima fosfeti, kalsiamu na kazi ya figo. Katika aina ya kurithi fosfeti huwa juu, na kalsiamu kwa kawaida ni sawa. Lakini watoto wana fosfeti nyingi kuliko watu wazima, kwa hivyo majibu yalinganishwe na vipimo vya watoto. Figo zikiwa mbovu, chokaa inaweza kutokea kwa sababu hiyo. Tena iko aina ambayo fosfeti ni ya kawaida. Basi jibu zuri la damu peke yake lisifunge kesi.

Magonjwa yanayofanana

Kifua kikuu cha kiungo huleta maumivu, kuchechemea na kukonda. Kansa mara nyingi hukua haraka na huweza kuuma usiku. Mtoto mwenye uvimbe mgumu, vipele kwenye vifundo vya vidole na kope, na anayeshindwa kuinuka chini, huenda ana ugonjwa wa misuli.

Tazameni pia vidole gumba vya miguu. Kama vilikuwa vifupi na vimepinda tangu kuzaliwa, mwambieni daktari kabla ya sindano yoyote. Kuna ugonjwa wa nadra sana ambao misuli hugeuka mfupa, na kukata kipande cha nyama au kudunga sindano ya msuli huuamsha zaidi.

Matibabu

Aina ya kurithi huweza kurudi hata baada ya upasuaji wa hospitali, kwa hivyo mtoto afuatwe kwa miaka. Daktari huweza kutoa dawa ya kunywa pamoja na chakula, inayozuia fosfeti isiingie mwilini, na kupunguza vyakula vyenye fosfeti nyingi kama maziwa, nyama na maharagwe. Lakini msimnyime mtoto vyakula hivi kwa kukisia, maana bado anakua.

Kikundi kifanye nini?

Peleka mtoto kwenye dispensari, uombe barua ya kwenda hospitali yenye eksirei. Familia ijiandikishe na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka 2024. Pesa za mzunguko zaweza kusaidia nauli. Picha na majibu ya damu yawekwe salama, yasirudiwe bure. Mtoto akiwa na homa, uvimbe ukiwa mwekundu au kufunguka, au akishindwa kutembea, aende siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Hapa kwetu, mtoto mwenye uvimbe hupelekwa wapi kwanza? Kwa nini?
2. Tutatofautishaje jipu na uvimbe wa chokaa?
3. Hospitali ya karibu yenye eksirei iko wapi, na nauli ya mtoto na mzazi ni shilingi ngapi?
4. Tutamwambia nini mama anayelaumiwa kwa ugonjwa wa mtoto wake?