Dondoo muhimu: Kukimbia Luvungi bila kuumia

Uwanda wa Ruzizi, ilipo Luvungi, si Bukavu. Hapa kufikia saa 3 asubuhi jua limeshakuwa kali. Toka nje saa 12 asubuhi, ukae kushoto mwa Barabara ya Taifa namba 5 ili malori uyaone yakija.

Misuli kuuma kesho yake ni kawaida: tembea tu siku mbili tatu. Ila maumivu ya sehemu moja kwenye muundi, ukipabonyeza kwa kidole unaruka, na yanazidi kila unapokimbia, hayo si uchovu. Simama, nenda ukapimwe.

Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki ili uweze kukimbia (wengi hufanya hivyo!), kwani mwili ukikaukiwa maji, figo ndizo zinazoumia. Bora usingizi, maharagwe na ndagala wa Uvira.