Vumbi la tanuri la saruji na maji ya Ndosho

Swali: Je, vumbi la tanuri la saruji linaweza kujazia mashimo ya kiwanja Ndosho?

Jibu: Vumbi hilo lina chokaa kali, chumvi, na wakati mwingine metali nzito kama risasi. Likilowa, pH ya maji yake yaweza kupita 12. Ndosho, mjini Goma, imejengwa juu ya lava yenye nyufa nyingi. Mvua huzama upesi bila kuchujwa na udongo, na Ziwa Kivu, chanzo kikuu cha maji ya mji, liko karibu. Hivyo bora vumbi hilo lirudishwe tanurini kiwandani. Linalobaki hulowanishwa kidogo, hushindiliwa juu ya tabaka la mfinyanzi na plastiki nene, kisha hufunikwa mvua isipenye. Shimo tupu la lava halifai kabisa.