SOMO LA KUMI NA NNE: KUMTAFUTIA MRAIBU TIBA

Katika somo lililopita tulijifunza jinsi ubongo unavyopeleka habari mwilini kwa njia ya mishipa ya fahamu. Leo tutaona jinsi vilevi vinavyouvuruga utaratibu huo, na mahali ambapo mtu aliyeathirika aweza kutibiwa bila ya jamaa zake kuuza shamba.

Mtu atumiapo heroini, bangi au pombe kali mara kwa mara, ubongo wake huzoea kufanya kazi pamoja na kitu hicho. Akikikosa, hukosa raha na usingizi, na hushikwa na hamu kubwa ya kukipata. Hali hiyo huitwa uraibu. Uraibu ni ugonjwa. Hautokani na laana wala uchawi, na kumfunga mgonjwa kamba hakumponyi. Tena, mtu aliyezoea kunywa gongo kila siku akiiacha ghafula anaweza kutetemeka, kushikwa na degedege, na hata kufa. Kwa hiyo aiache chini ya uangalizi wa mganga.

Tuseme unakaa Lisekese, Masasi. Umekwisha kuona kwamba msimu wa korosho mabibo hukamuliwa, maji yake huchachuka yakawa uraka, na uraka ukikenekwa hutoa gongo. Ndugu yako amezama katika gongo hiyo. Aanzie wapi? Aanzie karibu, katika zahanati au kituo cha afya. Mganga atampima, na akiona haja atampa barua ya kwenda Hospitali ya Mkomaindo, hapo hapo Masasi. Mbele zaidi iko Hospitali ya Ndanda, na mjini Mtwara iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula.

Kwa pombe na bangi, sehemu kubwa ya tiba ni mazungumzo. Mshauri nasaha humsaidia mgonjwa kutambua saa, mahali na marafiki wanaomrudisha katika ulevi, kisha hupanga naye namna ya kuviepuka. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja. Huchukua majuma mengi. Ndiyo sababu mshauri mwenye mafunzo aliye karibu humfaa mgonjwa kuliko bingwa anayeonwa mara moja kwa mwaka.

Heroini ina dawa yake, iitwayo methadoni. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, na mgonjwa huanza kuumwa mwili mzima. Vijana huita hali hiyo arosto. Methadoni hukaa mwilini siku nzima. Humwondolea mgonjwa arosto bila ya kumlevya, maadamu anakunywa kipimo alichopangiwa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwezi wa Februari 2011. Baadaye huduma hiyo ilifika Zanzibar, Mbeya, Dodoma, Mwanza na kwingineko.

Methadoni hutolewa bure, lakini nauli hailipwi na hospitali. Mgonjwa, hasa anapoanza, hutakiwa kuinywa kila siku mbele ya mhudumu. Fanya hesabu: nauli ya kwenda na kurudi ikiwa shilingi 1,000, kwa siku 30 ni shilingi 30,000. Huyo ni mtu akaaye karibu na kituo. Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500! Kwa hiyo kabla ya kufunga safari, wazazi waulize kwanza kituo kilicho karibu zaidi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, hupokea simu bila malipo kwa namba 119.

Ziko pia nyumba za upataji nafuu, ambamo waraibu hukaa pamoja kwa miezi kadhaa. Nyingi hutoza ada. Mzazi aulize ada hiyo ni kiasi gani, na kama mganga hufika hapo. Akiona wagonjwa wanapigwa au kufungwa minyororo, aondoke na mgonjwa wake.

Ikiwa mwenye shida ni mtu wa nyumbani kwenu, mweleze mtu mzima unayemwamini, au mwalimu wako.

Kazi ya kufanya

Chora ramani ya njia kutoka nyumbani kwenu hadi zahanati iliyo karibu. Andika umbali na nauli.

Maswali

1. Kwa nini si vema mnywaji wa gongo wa kila siku aache ghafula akiwa peke yake?
2. Methadoni hutofautianaje na heroini?
3. Dawa ni bure, lakini mgonjwa ameacha kwenda kliniki. Taja sababu mbili zinazoweza kumzuia.