Keki ya asali nayo ina sukari

SWALI: Daktari, mama mkwe wangu ana kisukari aina ya pili na anatumia vidonge. Huku kwetu Tabora asali haikosekani, na nimeshauriwa nimwokee keki kwa asali badala ya sukari nyeupe, eti kwa kuwa ni ya asili haitamdhuru. Je, anaweza kuila bila wasiwasi? Na mwanangu wa miezi tisa naye nimwonjeshe? — Msomaji, Tabora

JIBU: Mama mkwe anaweza kula kipande kidogo, ila si kwa sababu kimeokwa kwa asali. Mtoto asionjeshwe kabisa.

Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na kiasi kikubwa cha kinachobaki ni maji. Sukari nyeupe nayo ikifika tumboni humeng'enywa ikawa glukosi na fruktosi hizo hizo. Madini yanayosifiwa kwenye asali yamo, lakini ni machache mno kuleta tofauti katika kipande cha keki. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla, akiwa na fahamu na anaweza kumeza, hupewa kijiko kikubwa cha asali ili ipande upesi. Kitu kinachopandisha sukari namna hiyo hakiwezi kuliwa bila kipimo. Asali ya tende na ya miwa nazo zihesabu hivyo hivyo.

Tupige hesabu. Tuseme keki yako ina vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha sukari, yaani gramu 200. Waokaji wengi huweka robo tatu ya kikombe cha asali mahali pa sukari hiyo, wakaona wamepunguza. Asali ni nzito: kiasi hicho kina uzito wa gramu 255 hivi, na ndani yake mna sukari kama gramu 210. Hakuna kilichopungua. Unga nao huleta wanga wa gramu 190 hivi, ambao pia huishia kuwa glukosi kwenye damu. Ukiikata keki vipande 12, kila kimoja kina wanga na sukari gramu 33 hivi, na zaidi ya nusu yake imetoka kwenye asali.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari za kuongezwa, asali ikiwemo, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni vizuri zaidi zikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Kipande kimoja cha keki hiyo kinamaliza theluthi mbili ya gramu hizo, kabla hata ya chai.

Ukipenda kuoka kwa asali, weka nusu kikombe, si robo tatu, na ladha itafute kwenye iliki na ganda la limau lililokwaruzwa. Punguza maziwa vijiko vikubwa viwili, kisha ongeza robo kijiko cha chai cha magadi soda ya kupikia ili kupunguza uchachu wa asali. Siagi haiumuki kwa asali kama inavyoumuka kwa sukari, kwa hiyo piga mayai sawasawa. Moto nao upunguze: kama kawaida unaoka kwa nyuzi 180, shuka hadi 165. Unayeoka kwenye sufuria yenye makaa juu ya mfuniko, punguza makaa ya juu, maana asali huwahi kuungua, keki ikawa kahawia juu na mbichi katikati. Tende zikilowekwa na kusagwa na nyama yake yote ni bora kuliko asali yake iliyochujwa, kwa kuwa nyuzinyuzi hubaki. Hata hivyo, nazo zina sukari, pima.

Kuhusu mtoto: asali inaweza kubeba spora za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli. Tumbo la mtoto aliye chini ya miezi 12 halijaweza kuwazuia wasiote humo. Kuoka hakusaidii, kwa sababu katikati ya keki joto halifiki kiwango cha kuua spora hizo. Ikiwa amekwisha kuila, kisha ukaona choo kimefunga, analia kwa sauti dhaifu, ananyonya kwa shida au shingo inalegea, mpeleke hospitali mara moja.

Mama mkwe mkatie kipande chembamba, akile baada ya mlo wenye mboga na maharage, siku hiyo apunguze wali au ugali, na chai anywe bila sukari. Kama mna mashine ya kupimia, apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, muandike namba zote mbili na kwenda nazo kliniki. Vidonge asiache wala asiongeze kwa ajili ya keki.